Gaz ya Pili

Kuna watu wakinusa sabuni fulani wanamkumbuka bibi yao, wanafumba macho, wanageuka washairi. Mimi kinachonirudisha utotoni kinanuka kama yai lililosahauliwa nyuma ya kabati. Ni mafuta ya boîte, ile boîte ya vitesse ya lori, sanduku la gia, mafuta mazito ya rangi ya asali iliyoungua, yenye salfa ndani. Juzi Prof wetu wa mécanique alifungua boîte kuukuu juu ya meza ya atelier, karakana ya shule, mafuta yakachuruzika sakafuni, darasa zima likaziba pua. Jamaa mmoja wa nyuma akanigeukia, akauliza kwa sauti, "Ni weye?"

Siku nyingine ningempa jibu la kumfanya ahame shule. Siku hiyo nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa Kikula, mtaani kwetu, kwenye kizingiti cha nyumba yetu, mdogo, peku, vumbi jekundu hadi magotini, na Papa alikuwa anapanda mlima.

Mlima nauita hivyo kwa heshima tu. Ni mteremko wa avenue yetu, mrefu kiasi cha kumfanya muuza makala, mkaa wa kupikia, ashuke kwenye kinga yake, baiskeli, na kuisukuma, huku magunia yakimzidi kimo. Papa alikuwa chauffeur wa lori kubwa. Alipeleka chokaa upande wa Kolwezi, akarudi na madini, na alipopitia nyumbani aliliegesha juu, kwenye uwanja wa kanisa. Lori lenyewe lilikuwa zee, limechubuka kila upande, lakini nyumbani tuliliongelea kama mjomba tajiri.

Hatukuhitaji kuliona ili kujua kuwa limefika. Chini pale, kwenye meza ya mama muuza mikate ya mafuta, injini ilianza kuchoka, sauti ikashuka kama ya mtu anayekaribia kulia. Halafu kimya kidogo. Halafu *vuuum*, ndiyo gaz, mguu umekanyaga mafuta. Halafu, baada ya pumzi moja, kingine kifupi: *vum*. Ndipo *tak*, vitesse imeingia, na lori likaendelea kupanda kwa sauti nene, iliyotulia, kama mtu aliyekwisha kusema yake. Chauffeurs wengine walipiga *vuuum* moja tu. Wengine walikuwa na bahati mbaya, wakatoa ile *krrraaa* inayoamsha mbwa wa avenue nzima. Lakini *vum* ya pili ilikuwa ya Papa. Ilikuwa yetu.

Mama akiisikia alisema neno moja, "Njo yeye," ndiye huyo, akamimina unga kwenye maji yaliyokuwa yakichemka juu ya mbabula, jiko la makala. Alikuwa ameshapima: kutoka kwenye meza ya mikate hadi uwanja wa kanisa, na kutoka uwanja hadi mlangoni kwetu, ni muda uleule wa kusonga bukari, ugali wetu, hadi iive. Papa alivua viatu, tonge likatua mezani, mvuke ukampiga usoni. Wanawake wengine wa avenue walipigiwa simu. Mama yangu alipigiwa gaz.

"Mama, ile ya pili ni ya nini?" nilimuuliza siku moja.

"Anatusalimia."

"Anasalimia weye ao minye?"

"Wote. Koroga sombe, itaungua."

Nikaenda kumuuliza mwenyewe. Papa alinitazama, akacheka, meno yake yakaonekana hadi ya nyuma kabisa. "Eh, eh," akasema. "Ni salamu." Mtu mzima akicheka hivyo kabla ya kukujibu, ujue amepata kitu bure. Lakini nani angeniambia wakati ule? Niliichukua salamu yangu nikaenda kulala nayo.

Hata alipokuwa safarini, Mama alisonga bukari ya mtu mmoja zaidi. Aliifunika kwa sahani, akaiweka juu ya rafu. "Barabara haina saa," alisema. Asubuhi tonge lilikuwa limekauka ngozi kama goti la mzee, nami nililila na chai. Ukweli ni kwamba utoto wangu wote nilinenepa kwa sababu Papa hakuwepo.

Nilichokitaka mimi duniani kilikuwa kimoja. Wenzangu walitaka mdoli, simu, kwenda Lubumbashi kwa shangazi. Mimi nilitaka Papa anifundishe ile boîte. Aliniruhusu nipande kwenye cabine lori likiwa limeegeshwa, nikakaa kwenye kiti chake, harufu ya yai bovu ikinipanda kutoka kwenye tundu la sakafuni ambamo mti wa vitesse ulisimama. Ule mti ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu. Juu yake kulikuwa na kichwa cheusi kilicholainishwa na kiganja chake, na kwenye kichwa hicho kibonyezo kidogo. Ukikiinua, alisema, boîte ina vitesse za mbio. Ukikishusha, zinakuwa za mzigo na milima. Mkono unakwenda mahali palepale, lakini zinazoingia ni nyingine.

"Sasa kwa nini unapiga gaz mbele ya kuingiza?" niliuliza. "Petite voiture ya padri, ile ndogo, haipigi."

"Ile ya padri iko na vitu ndani, inakusaidia. Hii hapana. Hii inataka muntu mwenyewe." Akanionyesha dirishani muuza makala aliyekuwa amekwisha kupanda na sasa anaanza kushuka upande wa pili, kinga inaanza kukimbia. "Ona ule muntu. Ukitaka kumupa kopo ya mayi, yeye haasimame, utafanya nini?"

"Nitamurushia."

Alicheka hadi akapiga usukani. "Utamumwangia! Lazima ukimbie pembeni yake. Mbio yako na mbio yake zikiwa moja, njo unamupatia kopo, na hata tone haimwangike. Magurudumu iko nazungusha gia zake. Injini iko nazungusha zake. Ukishuka vitesse, za injini ziko pole sana. Kwa hiyo unakanyaga embrayage, unatoa, unaacha embrayage, unapiga gaz zikimbie, unakanyaga tena, unaingiza. Zikiwa sawa, *tak*. Zikiwa si sawa, zinagombana."

"*Krrraaa*."

"Njo vile."

"Nifundishe."

Akautazama mguu wangu ulioning'inia mbali na klachi. "Siku mguu yako itafika kwa embrayage, mama. Nakuahidi."

Tangu siku ile nililala nimenyoosha miguu. Msicheke. Niliamini ukilala umejikunja unabaki mfupi, na kila alipoliegesha lori nilipanda kupima. Bado. Bado kidogo. Bado. Kwa kuwa mguu ulikataa, nilitumia kinywa. Nilijifunza lori zima kwa mdomo: kuchoka, kimya, *vuuum*, *vum*, *tak*. Nililifanya njiani kuelekea shule, nililifanya darasani Sister akigeukia ubao, nililifanya chooni. Watu walinipa peremende ili nilifanye. Mwanzo wa uchekeshaji wangu ni huo, kama kuna mtu hapa aliwahi kujiuliza niliugua lini.

Likizo ya Pasaka Mama alinipeleka kwa Tantine, mdogo wake, anayekaa Panda, upande mwingine wa mji. Kule kuna vichuguu virefu kuliko nyumba, watu wanavichimba matofali, na barabara ina mteremko unaoufanya wetu uonekane kama mto wa kulalia. Alasiri moja Tantine alinituma chumvi. Nikiwa njiani nikasikia chini huko injini inachoka. Nikasimama bila sababu. Kimya. *Vuuum*.

*Vum*.

Sijui niliiangushia wapi hela ya chumvi. Papa! Papa amekuja kunichukua! Sikuita, kwa sababu mimi ni mimi: nilitaka kumshtua. Nilijificha nyuma ya kichuguu, mkono mdomoni ili nisicheke. Mlima wa pale ni mrefu, kwa hiyo alishusha vitesse tena, na tena ile *vum* ndogo ikafuata. Nikaiitikia kimoyomoyo: na mimi nakusalimia, Papa.

Lori halikuja hadi kwangu. Lilisimama mbele ya nyumba yenye uzio wa mabati. Mtoto wa kiume, mdogo kuliko mimi, akatoka mbio, akapanda ngazi ya cabine kama ngedere, na nilimwona kupitia dirisha lililo wazi ameketi mapajani pa Papa, mkono wake juu ya kile kichwa cheusi, na mkono wa Papa juu ya mkono wake.

"Papa, acha niweke minye!"

"Weka. Polepole. Sikia kwanza. Sasa!"

*Tak*.

Mama mmoja akatokea mlangoni akijifuta mikono kwenye kikwembe. "Papa, karibu," akasema. "Mayi ya kuoga iko moto, nimeiweka ndani ya douche." Papa akashuka akiwa na mtoto begani, wakaingia.

Najua mnachokifikiri. Mna akili sana, hongereni. Lakini kwetu kila mwanaume mwenye ndevu mbili ni Papa, na kila mwanamke ni Mama. Mimi mwenyewe nilimwita Papa hadi yule muuza petroli wa chupa. Nilifikiri ile ni nyumba ya kupumzishia malori. Nilifikiri mwanamke ni mtu mwema aliyeona vumbi la Kolwezi kwenye shingo ya msafiri. Kilichonichoma ni kitu kimoja tu: miguu ya yule mtoto haikufika kwenye embrayage. Niliitazama vizuri. Ilikuwa inaning'inia kabisa, mifupi kuliko yangu, na Papa alikuwa anamfundisha.

Nilingoja nyuma ya kichuguu hadi mchwa wakanipata. Papa hakutoka. Nilirudi kwa Tantine bila chumvi, nikachapwa kwa ajili ya chumvi, na sikusema kitu kuhusu lori. Nilikuwa nimelinunia. Lakini mteremko ule mrefu, wa kushusha mara mbili, na yule mtoto, na yule mama, niliviweka kinywani. Mchekeshaji hatupi kitu.

Communion yangu ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa mwaka wa shule. Gauni jeupe, soksi nyeupe, uso wa malaika wa kukodishwa. Mama alikuwa amejishonea na kumshonea Papa nguo za kikwembe kimoja, cha buluu chenye ndege, na kila aliyeingia uani aliambiwa awatazame. Walipendeza kweli. Kulikuwa na kuku, wali, bukari, soda za kila rangi. Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, alikuwa ameshakunywa ya kutosha kuwa bwana wa sherehe.

"Eh, communiante!" akaita. "Yesu amekwisha kuingia. Sasa utufanyie camion ya Papa!"

Watu wakapiga makofi. Nikapanda juu ya kiti, nikaomba mwiko wa bukari uwe mti wa vitesse, mkono wa kushoto ukawa usukani. Nikachoka. Nikanyamaza. *Vuuum. Vum. Tak.* Ua mzima ukacheka. Papa alicheka hadi akafuta machozi kwa mkono wa shati lake jipya. Mama alimgusa bega, akawaambia majirani, "Ile ya pili, munaisikia? Ni ya kutusalimia sisi."

"Bis!" akapiga kelele Mjomba. "Bis!"

Mngefanya nini? Mchekeshaji akiitwa bis, arudie, haleti kitu kilekile. "Sasa," nikatangaza, "Papa anafika Panda! Kule mulima ni murefu, anashusha mara mbili!"

"Shuka, mama," akasema Papa. "Kuya ukule gâteau."

Nilidhani ananipandisha bei. Nikaanza. *Vuuum, vum, tak*. Nikashusha kibonyezo cha mwiko. *Vuuum, vum, tak*. Nikafunga breki kwa mate. Halafu nikabadilisha sauti, nikawa mtoto mdogo: "Papa, acha niweke minye!" Wachache walicheka. Nikajifuta mikono kwenye gauni langu jeupe, nikajilegeza kiuno, nikawa mama wa Panda: "Papa, karibu. Mayi ya kuoga iko moto, nimeiweka ndani ya douche."

Nimefanya vichekesho vingi tangu siku hiyo, na vingine vimeanguka. Hakuna kilichowahi kuanguka kama kile. Kwa sababu chakula unaweza kumpa mgeni yeyote. Kiti, maji ya kunywa, hata kitanda. Lakini maji ya moto ya kuoga mwanamke anamchemshia mume wake. Kila mtu pale uani alijua hivyo isipokuwa mtu aliyekuwa amesimama juu ya kiti.

"Mayi ya nini?" akauliza Mama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Ya kuoga, Mama. Ndani ya douche."

Mjomba akajaribu. "Mutoto amekunywa soda mingi," akasema, akacheka peke yake.

Mama alikuja, akautwaa mwiko mkononi mwangu, akaufuta kwa pindo la kikwembe chake kipya, huku na huku, kama kwamba niliuokota jalalani. Hakumtazama Papa. Papa akainuka, amevaa ndege walewale wa Mama, akasema, "Niko naenda kuangalia pneu." Hakuna aliyemuuliza tairi lipi.

Tulimsikia akiliwasha lori kule juu kanisani. Tulimsikia akiondoka. Na pale mteremko unapoanza, pale ambapo alitakiwa kushusha vitesse ili injini ilishike lori lisikimbie, boîte ikalia *krrraaa*, ndefu, mbaya, mbwa wote wakainuka. Hatukuwahi kumsikia Papa akikosa. Mimi nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, peke yangu, bado juu ya kiti. Nilidhani ananijibu. Mimi nimemwigiza yeye, na yeye sasa anamwigiza chauffeur mbaya, kwa ajili ya communion yangu.

Tantine ndiye aliyenishusha, kwa sikio. "Kinywa yako!" akasema. "Kinywa yako imevunja nyumba."

Hiyo nimeibeba hadi leo. Kila mkutano wa familia kuna mtu anaikumbuka kwa kutikisa kichwa: yule mtoto na kinywa chake. Sijawahi kuomba radhi, na sitaomba. Si mimi niliyezungusha mabati Panda. Si mimi niliyechemsha maji. Mimi nilipiga kelele za lori, kelele zilezile alizozipiga yeye mlimani, watu wote wakisikia. Papa alikuwa na kibonyezo. Akikiinua, Kikula, akikishusha, Panda. Kiti kilekile, mkono mahali palepale. Lakini boîte ilipolia, mimi niliambiwa ndimi niliyevunja meno yake.

Hakurudi kukaa. Alirudi kuchukua nguo, mchana, akipita kwa miguu. Alinishika kichwa mlangoni na nilinyoosha mguu wangu mbele kidogo, ili auone ulivyorefuka. Aliuruka, akatoka.

Baadaye kampuni ya mwajiri wake ilileta malori mapya, yasiyo na embrayage. Boîte inajibadilisha yenyewe, chauffeur ni kukanyaga na kushika usukani. Wanasema Papa anaendesha moja. Wanasema pia anapita avenue yetu mara nyingine, akienda carrière, machimboni. Hatujui. Lile halisemi kitu. Linapanda kimya kama mwizi aliyevaa soksi.

Lakini malori mazee bado yapo, na Mama bado ana masikio. Chini kwenye meza ya mikate injini ikianza kuchoka, mkono wake unasimama hewani. Kama ni *vuuum* moja, unaendelea. Na bukari ya mtu mmoja zaidi bado inasongwa kila jioni, inafunikwa kwa sahani, inawekwa rafuni. Hasemi tena ni ya nani. Mimi huwa namwambia ni ya paka. Hatuna paka.

Sasa rudini nami atelier. Baada ya kutuonyesha gia mezani, Prof alitutoa uani, kwenye lori la shule. Nyuma limeinuliwa juu ya magogo, magurudumu yanazunguka hewani, injini inanguruma na haliendi popote. Ndilo tunalojifunzia. Wavulana walipanda mmoja mmoja. *Krrraaa. Krrraaa.* Yule wa "Ni weye?" aliitoa moja ambayo nadhani ilisikika Koni, kule kwenye turbine za umeme.

"Nani mwingine?" akauliza Prof.

Nikapanda. Wakaanza kucheka kabla sijakaa, kwa sababu nikipanda mahali popote watu wanasubiri kichekesho. Harufu ileile ilikuwa inapanda kutoka kwenye tundu lilelile la sakafuni. Nikanyoosha mguu wa kushoto. Ukafika. Ulifika vizuri, ukakaa juu ya embrayage kana kwamba ulikuwa na ahadi nayo.

Hakuna aliyewahi kunifundisha. Lakini sikio langu lilikuwa limeshajua, nikaufuata mdomo wangu wa zamani. Kukanyaga, kutoa, kuachia. *Vuuum*. Pumzi moja. *Vum*. Kukanyaga. *Tak*.

Hata yule jamaa akasogea karibu atazame mguu wangu. Nawaambia, kwa sekunde hiyo nilimsamehe Papa nusu.

"Bien," akasema Prof. "Rudia." Nikarudia. *Vuuum, vum, tak*. Akakunja uso. "Gaz ya pili ni ya nini?"

"Njo vile inafanyikaka, Prof."

"Hapana. Gaz ya kwanza imekwisha kufanya kazi. Gia zimekimbia, ziko sawa, unaingiza palepale. Weye unangoja. Ukingoja, zinapungua tena, njo unalazimika kupiga ya pili kwa kutafuta kile ulipoteza. Ile ni gaz ya muntu anachelewa." Hakuwa na ubaya. Alikuwa anaeleza tu, huku akifuta mikono kwa kitambaa. "Chauffeur mwenye ulisikia kwake, ao mguu ilikuwa inamuuma, ao kichwa yake ilikuwa fasi ingine."

Wenzangu wakaangua kicheko. Kisha wakaningojea. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa, mpira uko golini, kipa amelala. Niliuacha. Nilirudia mara ya tatu, bila ile ya pili. *Vuuum, tak*. Iliingia laini kama kisu kwenye parachichi. Nikashuka.

Kwa hiyo haikuwa salamu. Sisi hatukusalimiwa. Wale wa Panda nao hawakusalimiwa, yule mtoto ambaye nilimchukia kwa miguu yake mifupi, labda naye analala na salamu yake hadi leo. Kwenye milima yote miwili alikuwa mtu yuleyule, anatoa mkono hapa, hajaingiza pale, ameshachelewa, anatafuta kile alichokipoteza. Sisi huku tumekwisha kumimina unga.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu ya mabati. Mama alikuwa ameinamia mbabula, maji yanachemka, mfuko wa unga pembeni, kopo mkononi. Nikaketi kizingitini. Akanisalimia, akanusa.

"Unanuka boîte," akasema.

"Njo tulisoma leo."

Chini kwenye meza ya mikate lori zee likaanza kuchoka. Sote wawili tulilisikia. Kimya. *Vuuum*. Kopo la Mama likasimama. *Vum*.

Haikuwa yeye. Yeye anaendesha lile la soksi. Mama anajua hilo kama ninavyolijua mimi. Kopo likainama, unga ukamiminika: wa kwangu, wa kwake, na wa rafuni.

Kinywa changu kikawasha. Mnakijua. Kiliwahi kuambiwa kimevunja nyumba.

"Mama," nikasema. "Ile ya pili haina kazi."

"Ya pili gani?"

"Gaz ya pili. Prof amesema. Ya kwanza inatosha. Ya pili ni ya muntu anachelewa tu. Chauffeur yeyote akichelewa anaipigaka."

Lori lilipita mbele yetu, vumbi likaingia, likapanda zake. Mama alikuwa anautazama unga, ambao bado haukuwa umezama, umekaa juu ya maji kama kisiwa.

"Na weye," akauliza polepole, "ulikuwa unafikiri ni nini?"

"Nilikuwa nafikiri anatusalimia."

"Mutoto weye," akasema. Nilingoja acheke. Alichovya kopo upande ule ambao unga ulikuwa bado mkavu, akateka wa mtu mmoja, taratibu, asiguse maji, akaurudisha ndani ya mfuko. Halafu akachukua mwiko, akasonga.